Maji ya Mchangani

Februari ya mwaka 2008 ilikuwa na siku 29, na ile siku ya nyongeza ndiyo niliyoingilia kidato cha kwanza. Wenzangu walikuwa wamenitangulia. Walishajua kengele ya chai na kengele ya kufagia, walishagawana misumari ya kutundikia taulo, walishapeana majina ya utani. Mimi nilifika Ijumaa alasiri, nikakalishwa juu ya sanduku langu la bati nje ya mlango wa ofisi. Sanduku lilikuwa jipya, bado linanuka rangi, na jua la Kitui lilikuwa limelichoma hata halikaliki. Nikawa nanyanyua paja moja, natua, nanyanyua jingine.

Tulikuwa tumeondoka Nairobi asubuhi, mimi na shangazi, kutoka stendi ile ya Machakos ambapo makuli hugombania mizigo kama mwewe na kifaranga. Dereva alikuwa na gazeti la siku ile. Ukurasa wa mbele palikuwa na picha ya wakubwa wawili wametia saini karatasi jana yake, na Kofi Annan amesimama nyuma yao. Abiria walilipitisha kiti kwa kiti. Lilipotufikia sisi, karibu na Masii, lilikuwa limelainika kama kitambaa. Shangazi aliitazama ile picha kitambo, akaguna, kisha akaligawa vipande viwili akafungia maembe aliyonunua dirishani.

Wamunyu basi lilisimama, nikaona kwa mara ya kwanza wachongaji wameketi chini ya miti, miguu wameinyoosha, twiga na vifaru vya mbao vimepangwa mbele yao kama wanafunzi gwaride. Harufu ya mbao mbichi iliingia hadi ndani ya basi. Halafu tukavuka Athi, tukapita Kwa Vonza, udongo ukazidi kuwa mwekundu, na hewa ikawa ile kavu inayokausha midomo ukizungumza. Nakuru nilikotoka kuna baridi ya asubuhi na vumbi jeupe la ziwani. Huku hata vumbi lilikuwa na rangi ya matofali.

Watu wetu ni Wakamba, ila mimi nilizaliwa Nakuru, nikalelewa kwa Kiswahili cha mtaani Kaptembwa. Baba alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kiliungua Januari ile, katika vurugu za baada ya uchaguzi, na kilichomuuma zaidi, alisema, si cherehani wala ngozi. Ni viatu vya watu. Alikaa siku nyingi akihesabu kwa vidole: cha mwalimu, cha yule mama wa mboga, jozi mbili za askari. Ngozi iliyosalia nyumbani ndiyo aliyonishonea viatu vya shule, vyeusi, vizito, soli akaitia ya tairi la gari. Nikikanyaga mchanga nilikuwa naacha alama za lori. Wasichana wa bweni letu walicheka hadi wakashika mbavu. Baadaye wakawa wanaviazima.

*

Bweni letu lilikuwa refu, paa la bati lisilo na dari. Mchana bati lilikuwa linalia taa, taa, kwa joto, na usiku lilianza upya likipoa. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, vya chuma, vimebanana hata ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako. Jioni, kabla ya taa kuzimwa, palinuka sabuni ya mche, mafuta ya mgando, na viatu sitini vilivyotembea kutwa.

Kitanda changu kiligusana na cha msichana mrefu, mweusi tititi, aliyekuwa amelivika godoro lake turubai jeupe lenye maandishi ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Akigeuka usiku turubai lilikuwa linakwaruza kama mtu anayefunua kitabu. Wazazi wake walitoka Bor, Sudan ya kusini, lakini yeye alikulia kambini Kakuma, na padri mmoja wa huko ndiye aliyempatia karo. Jina lake nitalihifadhi. Sisi tulimwita Jirani, na mpaka leo namwita hivyo. Kiswahili chake alikiokota kambini, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Kikamba hakujua hata neno, kama mimi. Katika bweni zima tulikuwa sisi wawili tuliolala bila kuelewa umbea.

Muhula ule wa kwanza nililala na viatu. Sikuwa nimepanga. Usiku wa kwanza nilijilaza kidogo nikapitiwa na usingizi, usiku wa pili nikajikuta nafunga kamba upya kabla ya kujifunika. Matroni alipita kila usiku na tochi akihesabu vichwa. Mwanga ulipofika miguuni pangu ulisimama, nikausikia ukisimama, kisha ukaenda zake. Nilingoja kuitwa asubuhi. Sikuitwa. Wiki ya pili niliamka nikakuta gunia safi la katani, limefuliwa, limetandikwa upande wa miguu ili shuka lisichafuke. Hakusema neno. Na mimi sikusema neno. Jirani, ambaye mwenyewe alilala na kadi yake ya chakula ya Kakuma amejifunga kiunoni kwa mfuko wa plastiki, aliligusa lile gunia akatikisa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake.

Muhula wa pili, usiku mmoja, nilivua kiatu kimoja. Cha pili kilichukua wiki mbili zaidi.

*

Kama ungeamka alfajiri ukafuata moshi, ungefika jikoni. Mpishi mkuu alikuwa mama wa makamo, mfupi, kitambaa cha kichwani kimefungwa chini kabisa hadi kwenye nyusi, na shule nzima, walimu kwa wanafunzi, tulimwita Mwaitu, yaani mama. Sufuria zake zilikuwa kubwa hata aliyepewa adhabu ya kuzisugua alilazimika kuingia ndani, ukabaki unaona nyayo tu.

Muthokoi ulikuwa chakula cha karibu kila siku. Wasioujua huuita githeri iliyovuliwa nguo. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni mpaka ganda la nje litoke, yakapepetwa, ndipo yakachemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe au mbaazi. Ukiiva vizuri hauhitaji meno mengi. Muthokoi wa shule uliletwa umekwisha kukobolewa mashineni, lakini Mwaitu hakuiamini mashine. Kila Jumamosi alitaka wasichana sita waje kinuni, na mimi na Jirani, kwa kuwa hatukuwa na wa kuzungumza nao, tulikuwa hatukosi. Jirani alipiga mchi kwa mikono miwili, akauachia juu, akapiga makofi, akaudaka. Hapo ndipo shule ilipoanza kumheshimu.

Kabla ya kutwanga palikuwa na jambo jingine, na hilo halikuwa na mzaha. Mwaitu alitia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi ya mahindi kutoka chini kabisa, akayapeleka puani. Akayamwaga kwenye ungo, akayasambaza kwa kidole, akaondoa moja moja: hili lina doa la kijani, hili limefifia, hili linanuka. Mara moja nilicheka kwamba anayachambua kama mkufu wa dhahabu. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mwaka 2004 mahindi yaliingia kuvu huku kwetu, na akaendelea kuchambua. Baadaye mwalimu wa sayansi alitufafanulia darasani: sumu ile inaitwa aflatoksini, wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125, na wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu ndani ya nyumba, na wakati wa njaa watu wakayala hivyo hivyo. Tangu siku hiyo na mimi nikawa nayanusa. Hata sasa, dukani, wauza nafaka wananitazama kwa mashaka.

(Kila aliyesoma bweni nchini Kenya atakuapia kwamba chakula cha shule hutiwa mafuta ya taa ili kupoza damu za ujana. Nilisimama kando ya sufuria zile miaka minne. Sikuona hata tone.)

*

Tangi la shule lilikuwa likikauka mwezi wa tatu na tena mwezi wa nane. Hapo tulipewa mitungi ya lita tano tano na kupangwa mistari miwili kuelekea mtoni. Nilipoambiwa mto, nilitafuta maji. Mbele yangu palikuwa na barabara pana ya mchanga, mweupe, mkavu, inayopinda kati ya migunga hadi macho yanapokoma, na punda wamesimama katikati yake kama wamesahauliwa. Ni kijito kinachoelekea Mto Tiva. Mvua ikinyesha kinakuja na ghadhabu siku mbili tatu, kisha kinazama chini ya mchanga wake chenyewe.

Njoo hapa, piga magoti. Mchanga wa juu unachoma, wa chini yake ni vuguvugu, ukichimba urefu wa mkono unaanza kuwa wa baridi na kushikana. Chimba tena. Sasa mchanga umekuwa mweusi, na ukiutazama vizuri utaona chini ya shimo pametokea kijicho cha maji, rangi ya chai ya maziwa. Mgeni hapo huingiza kikombe. Mimi niliingiza kikombe. Mkono mkavu wenye bangili ya shaba ulinishika kwa nyuma. Ni bibi mmoja wa kijijini, punda wake wawili wamebeba mitungi minne minne. Akayachota yale maji machafu kwa kata, akayamwaga pembeni. Yakaja mengine, akayamwaga. Yakaja mengine. Akaegemea visigino vyake. "Subiri," akasema. "Usiyakoroge. Yaache yatue yenyewe." Tukakaa. Nzi walikuwa wanazunguka masikio ya punda. Polepole kile kijicho kikafunguka, kikawa cheusi, kikawa wazi, hata nikaona kila punje ya mchanga chini yake.

Halafu akaniuliza, "Wewe ni wa nani?"

Swali hilo nililijua. Mwisho wa Januari, barabarani Nakuru, vijana wenye rungu walimuuliza baba yangu swali hilo hilo, na baba alijibu mikono ikiwa juu. Nikanyamaza. Bibi akadhani sijamsikia, akarudia kwa sauti ya juu, kama watu wazima wanavyowasemesha watoto wa mjini. Jirani akajibu kwa upande wake, "Mimi wa Kakuma." Bibi akafikiri, akauliza Kakuma iko upande gani wa Mwingi. Kisha akanirudia. Nikasema susu yangu, bibi mzaa baba, yuko Kibwezi. "Kibwezi ni kubwa. Ukoo gani?" Sikujua kwamba nina ukoo. "Ukienda, uulize," akasema, akaniwekea kata mkononi.

*

Likizo ya Aprili nilipelekwa kwa susu. Siku hizo barabara ya Kitui kwenda Kibwezi kupitia Mutomo na Ikutha ilikuwa ya udongo mtupu, na lori lililotupakia liliruka hata meno yakagongana. Tulivuka Athi, tukaingia Makueni, na mibuyu ikaanza: minene, ya kijivu, imesimama mbalimbali kama wazee waliokosana. Nyumba ya susu ilikuwa karibu na mashamba ya katani. Nje palikuwa na kyondo alichokuwa akisuka, nyuzi zake akizisokota juu ya paja mpaka paja likang'aa. Usiku treni ya mizigo ya Mombasa ilipita mbali ikipiga honi, na kikombe juu ya rafu kikatetemeka kidogo.

Nikamuuliza kuhusu ukoo. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Hata hilo baba yako hakuwaambia?" Akanitajia: sisi ni Atangwa. Akanitajia na majina ya nyuma, la baba yake na la baba wa huyo, hadi mahali ambapo majina yaliacha kuwa watu yakawa vilima. Nami nililala bila viatu siku hizo zote, maana kwa susu huingii ndani navyo.

Muhula ulipofunguliwa nilimkuta yule bibi wa punda kwenye njia inayopita nyuma ya madarasa. Nikamwamkia kwa Kikamba. Akaitikia, nikamwambia kwa Kikamba kilichokatikakatika kwamba mimi ni wa Atangwa. Akasimamisha punda. Akapiga kofi moja. Basi mimi ni shangazi yake, akasema, kwa kuwa mama yake alikuwa wa ukoo huo, au pengine ni mjukuu wake, hesabu yake sikuifuata vizuri. Akapekua mzigo, akanipa embe na kunde mbichi.

Nilipogeuka, kiranja alikuwa nyuma yangu ameshika diski. Shuleni kwetu Kiswahili kilisamehewa, lakini aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa shingoni kipande cha mbao chenye uzi, akakaa nacho hadi amnase mwingine. Adhabu ya kijinga, nilivyoiona wakati ule na ninavyoiona sasa. Lakini siku ile niliivaa mpaka saa za kulala, na nilipita nayo mbele ya kila darasa. Jirani alitaka kuijaribu. Nikamvisha, akajitazama kwenye dirisha, akanirudishia.

*

Miaka iliyofuata imechanganyika kichwani. Julai ya mwaka ule wa kwanza shule nyingi nchini ziligoma na nyingine zikachomwa. Kwetu tuliwekewa ndoo za mchanga milangoni, na usiku mmoja mkulima wa jirani alipochoma mabua, moshi ukaingia bwenini, mimi na Jirani tukakutana nje getini, gizani, kila mmoja na sanduku lake, kabla hata kengele haijapigwa. Matroni alikuja akaketi katikati yetu juu ya jiwe. Tukatazama mabua yakiungua hadi yakaisha.

Mwaka 2009 mvua ilitutupa kabisa, mashimo ya mtoni yakawa ya kina cha kifua, na tulioga kwa kopo moja la mafuta ya kupikia, uso kwanza, miguu mwisho, kisha maji hayo hayo yakamwagiwa miche ya mikau iliyokuwa nyuma ya bweni.

Kidato cha tatu tulisoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, tamthilia ya mtawala anayewabania watu visima. Mazoezi tulifanyia jikoni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwaitu alisikiliza huku anakoroga. Mwishowe akauliza kwa nini watu wale wasichimbe mchangani. Tukamweleza kwamba ni fasihi, Mwaitu. Akasema sawa, lakini wangechimba.

Januari 2011 Jirani alichelewa kurudi shuleni. Alipokuja, kidole chake kilikuwa bado na wino wa kura ya uhuru wa Sudan ya kusini. Alikizungushia karatasi wakati wa kuoga ili wino usitoke upesi. Matokeo yalipotangazwa, karibu asilimia 99 walikuwa wametaka nchi yao. Msichana mmoja alimuuliza kama sasa atahama. Akasema hajawahi kufika huko tangu akumbuke mambo, atahamiaje mahali asikotoka?

Sherehe za uhuru za Juba zilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Julai. Jikoni palikuwa na redio ndogo ya Mwaitu, iliyovunjika mkono ikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Jirani aliruhusiwa kukosa kazi za Jumamosi, nikaruhusiwa kumsindikiza. Tuliketi juu ya magunia. Ilisikika ngoma, ikasikika sauti ya mtu anasoma kwa Kiingereza, umati ukivuma kama mvua ya mbali, halafu ngoma tena. Jirani alikuwa amevaa sare safi, amejipaka mafuta hadi kwenye vifundo vya miguu. Mikono aliiweka mapajani, haikutikisika.

Kisha sauti ikaanza kuzama. Ikawa ya mbu, ikawa hamna.

"Mawe yamekwisha," Mwaitu akasema. Duka lilikuwa mbali, na hakuna aliyekuwa na pesa. Mwaitu akaifungua redio mgongoni, akayatoa mawe mawili, akayapulizia, akatoka nayo nje. Aliyalaza juu ya kipande cha bati, mahali jua lilipokuwa kali zaidi, akayageuza kidogo kama anayegeuza viazi. Jirani akamfuata akachutama mbele ya lile bati, mikono amekumbatia magoti. Kila baada ya muda alinyoosha kidole chake kuyagusa.

"Usiyaguseguse," Mwaitu akamwambia. "Yaache kwanza."

Nikaenda nikachutama kando yake. Juu ya mkau kulikuwa na njiwa. Ndani ya jiko sufuria ya muthokoi ilikuwa inatokota, na Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, anatazama jua lilipofika.